Gari ndogo ikitunzwa inadumu miaka mingapi? Tupeane uzoefu, hasa wa Arusha na Moshi

Ndizi Mshare
Wakuu salaam. Leo nimetoka gereji hapa Majengo nimenuna kama mtu aliyenyimwa mbege. Nina Carina Ti, namba A, niliichukua 2006 ikiwa imetoka Japani na kilomita 71,000. Leo inasoma 388,000 na ushee. Sevisi sijawahi kuruka, hata mwaka ule nilipokosa mshahara miezi mitatu.

Nilipeleka kwa ajili ya mlio tu, upande wa kulia mbele. Fundi akaizunguka mara mbili, akakaa juu ya tairi, akanywa chai yake mpaka majani ya chini, ndipo akaniambia: "Mangi, hii imeshamaliza maisha yake. Nina mtu wa milioni mbili, chukua ufunge hesabu."

Nimerudi nayo nyumbani inatembea vizuri. Haitoi moshi, haili oili. Hivi gari inayotunzwa kweli ina siku yake ya kufa? Za kwenu zilifika wapi?

Babu wa Sakina
388 bado binti huyo. Corolla 110 yangu ina 460,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Siri ni mbili: oili kila kilomita 3,000, na usimwazime mtu.

Chalii wa Kijenge
Kila 3,000? Babu unawasomeshea wauza oili watoto. Weka sintetiki, tembea 10,000, lala usingizi.

Babu wa Sakina
Dogo, una gari au una nauli ya kifodi?

Chalii wa Kijenge
Nina Premio. Tuheshimiane.

Spana 14
Mimi ni fundi, mwaka wa 19 huu. Wote wawili mnapiga kelele bila kuuliza gari inatembea wapi.

Miaka haisemi kitu peke yake. Mtu wa Moshi anayefanya kazi Arusha, kwenda na kurudi ni kama kilomita 160. Siku tano kwa wiki, wiki 50, hiyo ni 40,000 kwa mwaka. Ndani ya miaka minane amepita laki tatu, na gari yake utaikuta nzima, kwa sababu ni lami, injini imepata moto, gia haibadiliki badiliki. Sasa mchukue mama wa Njiro anayepeleka watoto shule kilomita tatu na kurudi. Injini inawashwa baridi, inazimwa kabla haijapata joto lake. Mvuke na petroli ambayo haikuungua vinashuka kwenye oili na kukaa humo. Gari hiyo ukiifungua ina kilomita 90,000 na tope jeusi juu ya valvu kama ugali wa ulezi. Huyu abadilishe oili mapema bila kuangalia dashibodi. Wa lami anaweza kwenda mbali zaidi kama oili ni nzuri.

Zamani gari ikifika 160,000 watu walianza kuiaga. Siku hizi laki tatu ni kitu cha kawaida kwa gari iliyotunzwa. Na wenye 5A na 1G msisahau ni injini za beliti ya taiming, kila 100,000 badilisha. Usisubiri ikukatikie Kikatiti saa nne usiku.

Mbege Baridi
Spana umemaliza.

Kijana wa Himo
Mimi nina 1NZ, yangu ni cheni. Nabadilisha lini?

Spana 14
Cheni haina ratiba kama beliti. Ila ukichelewesha oili italegea, na utaisikia asubuhi inachakacha kama mtu anayepepeta mchele.

Tairi la Nne
Mnabishania laki tatu? Kuna Mmarekani, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na 2013 alifikisha maili milioni tatu. Kwa kilomita ni kama milioni 4.8. Na Mgiriki dereva teksi, Gregorios Sachinidis, Mercedes 240D yake ilifika kilomita milioni 4.6, wenye kiwanda wakaichukua 2004 wakaiweka makumbusho.

Mangi wa Pasua
Hao wawili hawajawahi kupanda Kibosho wakati wa masika.

Chalii wa Kijenge
Na huyo Mgiriki alibadilisha injini mara kadhaa, hiyo haihesabiki. Gari ni injini.

Babu wa Sakina
Hapo kwa mara ya kwanza nakubaliana na dogo. Gari ni injini. Ukishabadilisha, umeanza upya.

Kahawa Chungu
Wacha niseme langu. Disemba 23, natoka Dar na familia, Mark II imejaa mpaka mtoto wa mwisho amekalia begi. Kabla ya safari fundi (simtaji, anajijua) alinifungia rejeta mpya akajaza maji ya bomba. Tukafika Hedaru saa nane mchana, jua la kule mnalijua. Nikaona mvuke kwenye boneti. Mimi kwa ujuaji wangu nikafungua kifuniko cha rejeta ikiwa bado inachemka. Alama iko hapa mkononi mpaka leo, watoto wanaiita ramani ya Upare. Tulilala hapo hapo. Tarehe 25 tukaingia Marangu jioni tukakuta mifupa ya ndafu na mashemeji wamelala.

Mbege Baridi
Pole sana. Mifupa ndiyo inauma kuliko mkono.

Mzee wa Usa
Niliposoma Babu wa Sakina anasema injini yake haijafunguliwa, nilicheka mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia unajua wewe.

Nilikuwa na Toyota GX100, niliinunua 2009. Sikukaa msibani wala harusini bila kuitaja. Ilikuwa ni hadithi yangu: injini ya Japani, haijaguswa na spana ya Mtanzania. 2019 nikaamua kuiuza. Akaja kijana mmoja kutoka Babati na tochi. Wengine wote walikuja wakapiga teke tairi wakaondoka, huyu akaomba kadi, akafungua boneti, akachovya kitambaa kwenye petroli, akasugua ubavu wa injini mpaka namba zikaonekana. Akasoma. Akaangalia kadi. Akasoma tena.

"Mzee, hii injini siyo ya hii gari."

Nikamwambia tochi yako mbovu. Nikaingia ndani nikachukua miwani. Tukasoma wote kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kama watoto wa darasa la kwanza. Mwanzo ni sawa, 1G. Zilizofuata hakuna hata nne zilizolingana.

Nikajua nimeibiwa. Nikampigia fundi wangu wa miaka yote, yuko Unga Limited, nikamwambia kesho nakuja na askari. Akanyamaza. Nikasikia anashusha pumzi. Akasema, "Mzee wangu, kabla hujaenda polisi, ongea na mama kwanza."

Mke wangu alikuwa nyuma anamenya ndizi. Hakugeuka hata. Akauliza tu, "Imejulikana?"

2016 nilipelekwa Dodoma kwenye kozi ya miezi mitatu. Kumbe nyuma kukatokea msiba Mwika. Akachukua GX, akapakia mama yake na shangazi watatu. Wanapanda kutoka Himo kwenda Marangu, mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Aliuona. Lakini mbele kuna gari ya jeneza, nyuma kuna msafara, na hakutaka familia nzima isimame njiani kwa ajili yake. Akakanyaga mpaka ikazima yenyewe. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilipinda, pistoni mbili zikang'ang'ania. Fundi akamwambia hapa ni injini nyingine.

Akakopa kikoba. Akauza mtamba. Yule mtamba mimi niliambiwa kafa kwa ndigana, na nikiwa Dodoma nikatuma pole na pesa ya daktari wa mifugo. Injini ikaja kutoka Dar, ikafungwa kwa siku nne.

Nikarudi. Nikaiwasha, nikazunguka nayo hadi Tengeru, nikarudi nikamwambia, "Unaona faida ya kutunza gari? Imekuwa nyepesi kuliko nilivyoiacha." Akanijibu, "Ni sevisi zako hizo, baba."

Miaka mitatu nilitamba na injini nisiyoijua.

Mama Wawili
Jamani!!! "Ni sevisi zako hizo, baba." Huyo mama apewe nishani.

Mangi wa Pasua
Pesa ya daktari wa mifugo ilienda wapi?

Mzee wa Usa
Niliuliza. Ilinunua maji maalumu ya rejeta, kulanti.

Chalii wa Kijenge
Mnacheka lakini huo ni utapeli wa ndani ya nyumba. Leo injini, kesho kiwanja.

Mama Wawili
Utapeli ni wa kuchukua, yeye alirudisha. Wewe ungeazima gari ukaunguza ungerudisha nini, funguo?

Chalii wa Kijenge
Angesema ukweli.

Mama Wawili
Kwa mume anayetaja gari mpaka msibani? Umeoa wewe?

Chalii wa Kijenge
Hilo haliko kwenye mada.

Mbege Baridi
Hajaoa.

Tairi la Nne
Sasa turudi kwenye hesabu. GX ya Mzee imedumu miaka 10 au saba kisha mitatu? Maana Babu na Chalii wamesema gari ni injini.

Babu wa Sakina
Subirini. Nimetoka nje na tochi.

Spana 14
Wakati Babu anasugua, niseme hili kwa sababu wengi wataua gari hivyo hivyo. Hedi za injini hizi ni aluminiamu, ikichemka inapinda. Mshale ukipita kati, zima AC, fungua hita yote hata kama mnaungua, punguza mwendo. Ukiendelea kupanda, simama uzime. Kifuniko usiguse mpaka ipoe, muulizeni Kahawa Chungu. Dakika 30 za kusubiri zina nafuu kuliko injini. Marehemu hana haraka.

Kijana wa Himo
Kwani kuna ubaya gani maji ya bomba? Mzee wangu ametumia maisha yake yote.

Spana 14
Kulanti siyo kwa ajili ya baridi ya Ulaya tu. Inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu ndani ya vijia vya maji.

Mangi wa Pasua
Maji ya Arusha yanabadilisha rangi ya meno ya watu, sembuse rejeta.

Chalii wa Kijenge
Mtu wa Moshi ameingia na wivu wake.

Mama Mchungaji
Langu ni giaboksi. Gari ilikuwa ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, nimeitunza kama yai. Kijana mmoja akaniwekea hidroliki (mafuta ya giaboksi) ya otomatiki ya kawaida, akasema zote ni nyekundu mama. Ilikwenda miezi mitano. Sasa hivi kila kopo nalisoma mwenyewe, hata la mafuta ya kula.

Kahawa Chungu
Mimi nasema hidroliki ya giaboksi usiiguse kabisa. Ukibadilisha ndiyo inaanza kuteleza.

Spana 14
Inateleza kwa sababu mlisubiri mpaka 200,000. Ilikuwa imeshakufa, mafuta machafu ndiyo yaliyokuwa yanaificha.

Kahawa Chungu
Ndiyo maana nasema usiiguse.

Tairi la Nne
Na hizo kilomita 71,000 za mleta mada, nani alizihesabu? Dashibodi zinarudishwa nyuma kila siku. Ukiagiza, dai karatasi ya mnada wa Japani.

Mangi wa Pasua
Zinaweza kuwa za kweli. Kule Japani ukaguzi ni kila miaka miwili baada ya mitatu ya kwanza, na ni ghali. Mjapani anaona bora aiachie ikiwa bado mbichi. Sisi ndio tunaoila mpaka mfupa.

Mama Wawili
Ndizi Mshare, mbona hakuna aliyekuuliza swali la maana? Fundi akikwambia gari imekufa, na papo hapo ana mnunuzi, jua mnunuzi amekaa juu ya tairi anakunywa chai.

Mbege Baridi
Hapo sasa.

Spana 14
Peleka kwingine wapime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda. Plagi zinatolewa, kila silinda inapimwa, nusu saa wamemaliza. Namba zikiwa juu na zikikaribiana, hiyo injini ina maisha. Angalia na kutu chini ya milango na kwenye chesisi. Injini utapata nyingine, bodi iliyooza hupati. Huku kwetu tuna bahati, magari ya pwani yanaliwa na chumvi.

Ndizi Mshare
Nimerudi wakuu, siku nne zimepita, asanteni wote, hata mliogombana. Nilienda kwa fundi mwingine Soweto. Silinda zote nne ziko vizuri na zimekaribiana. Kutu ipo kidogo mlango wa nyuma. Ule mlio ulikuwa bol jointi, kiungo cha tairi la mbele, pamoja na ufundi elfu arobaini na tano. Nimeshaenda nayo Rombo na kurudi, kimya.

Jana jioni yule wa Majengo kanipigia. Anasema yule mteja wake ameongeza laki nne.

Mama Wawili
Hahahaa! Kabla hujamjibu, chukua kadi ukalinganishe namba ya injini.

Ndizi Mshare
Kadi anatunza mke wangu.

Mzee wa Usa
Mkuu, usiulize.

Chalii wa Kijenge
Halafu Babu wa Sakina alitoka na tochi tangu Jumanne.