Seli 20 tu za utumbo wa mnyoo: ni nini kinachozizuia zisipasuke?

Mwanafunzi wa Malindi
Assalamu alaykum, walimu wangu. Juma hili tumesoma habari za mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, ambaye ana urefu wa milimita 1 hivi na mwili unaopitisha mwanga, hata utumbo wake huonekana kwa hadubini akiwa hai. Utumbo huo una seli 20 tu, na seli hizo hazibadilishwi mpaka mnyoo afe. Hata hivyo, yeye hula bakteria mfululizo, hujipinda kila aendapo, na hujikamua ili atoe kinyesi kila baada ya sekunde 50 hivi. Seli chache namna hiyo huhimilije misukosuko yote hiyo? Kitabu changu kimetaja "kiunzi cha seli" kwa sentensi moja, kisha kikahamia mambo mengine.

Mwalimu wa Langoni, Lamu
Waalaykumu salaam, mwanangu. Kiunzi cha seli ni nyuzi za protini za aina tatu. Nyuzi za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi, ndizo zinazosimamisha vile vijidole vidogo vinavyofyonza chakula upande unaoelekea uwazi wa utumbo. Mikrotubuli ni vibomba vya nanomita 25, navyo katika seli hizi huanzia upande huo huo wa uwazi, wala si katikati ya seli kama ilivyo kwa seli nyingine nyingi. Aina ya tatu ni nyuzi za kati, zenye nanomita 10, na jibu lako limo humo.

Chini kidogo ya vijidole, nyuzi za kati zimesukwa zikawa tabaka nene, ambalo kingo zake zimeshikizwa pale seli moja inapoungana na jirani yake. Kwa kuwa kila seli imefanya hivyo, tabaka hilo huwa kama ala moja inayozunguka uwazi wa utumbo tangu mbele hadi nyuma. Wenzangu wa hapa Amu hupenda kulifananisha na mataruma ya jahazi, nami sikubaliani nao sana, kwani taruma halinyumbuki, ilhali nyuzi hizi huvutika mno kabla ya kukatika. Afadhali ufikirie mkeka wa miyaa uliokunjwa ukawa bomba.

Msomaji wa Shela
Maelezo ya Mwalimu ni sahihi, lakini majaribio yameonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mnyoo akikosa protini iitwayo IFO-1 au SMA-5, ambazo husaidia kupanga nyuzi za kati, tabaka huharibika, uwazi wa utumbo hupoteza umbo lake, na mnyoo hudumaa. Basi watafiti wakamwondolea mnyoo huyo huyo na IFB-2, ambayo ni mojawapo ya protini zinazounda nyuzi zenyewe; tabaka likatoweka kabisa, na hali yake ikawa nafuu sana. Yaani tabaka lililoharibika linamdhuru kuliko kutokuwa nalo, mfano wa jarife lililojisokota kwenye usukani, ambalo mvuvi huona heri alikate alitupe.

Mwanafunzi wa Malindi
Shukrani. Ikiwa anaweza kuishi bila tabaka hilo, kwa nini basi tuseme kwamba ndilo linaloutegemeza utumbo?

Mwalimu wa Langoni, Lamu
Swali zuri, na Msomaji wa Shela ametukumbusha vyema. Ikikosekana aktini ya utumbo, iitwayo ACT-5, vijidole haviumbiki na mnyoo hufa angali mchanga. Kwa hiyo aktini haina mbadala. Akikosa IFB-2 peke yake, mnyoo huishi, ila hukua polepole kidogo, na hushindwa upesi zaidi anapopatwa na chumvi nyingi au sumu. Zingatia pia kwamba maabarani analishwa bakteria laini juu ya sahani, hali ambayo ni ya raha kwake, ilhali porini makazi yake ni matunda na mimea inayooza, ambako chumvi, sumu na vijidudu hubadilika siku hadi siku.