Impreza STI ya 2004: mauntingi za juu za kiwandani au za kurekebishika?

Ngarenaro_STI aliuliza:

Habari zenu wakuu. Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, na bado limebeba shokapu na springi zake za kiwandani, wala halijashushwa. Naishi Arusha na nalitumia kila siku. Mara chache kwa mwaka huliendesha kupitia Namanga hadi uwanja wa Whistling Morans, Athi River, kushindana na saa kwenye lami.

Tangu masika iliyopita, mbele kushoto panagonga ninapopita kwenye matuta kwa mwendo mdogo, na nikikata usukani hadi mwisho gari likiwa limesimama, nasikia springi ikijikaza kisha ikiachia kwa mshindo. Aidha, tairi za mbele, ambazo ni 225/45R17, zinaliwa zaidi ukingo wa nje. Fundi wangu anasema mauntingi za juu, yaani vishikizo vinavyofunga kichwa cha shokapu kwenye bodi, zimekwisha na kwamba, kwa kuwa kazi ya kuzifungua ni ile ile, ni heri nifunge za alumini zinazorekebishika ili nipate kemba (mlalo wa gurudumu) ya kutosha uwanjani. Bei yake ni zaidi ya maradufu ya zile za kiwandani. Je, kwa matumizi yangu zinastahili gharama hiyo, na je, zitastahimili barabara zetu?

Fundi_Temeke alijibu:

Mkuu, fundi wako ameyafunga mambo mawili kwenye bei moja, nasi inafaa tuyatenganishe. Kugonga na kujikaza kwa springi ni ubovu wa kifaa, na mauntingi mpya ya aina yoyote itauondoa. Kuliwa kwa tairi ukingo wa nje ni suala la pembe za magurudumu, ambalo huenda likatatuliwa bila kugusa mauntingi hata kidogo.

Impreza ya kizazi hicho inatumia mfumo wa MacPherson, ambamo shokapu na springi ni nguzo moja inayoshika gurudumu, mbele na nyuma. Maana yake ni kwamba mauntingi ya juu inabeba uzito wa pembe nzima ya gari, na zile za mbele zina beringi inayoiwezesha springi kugeuka pamoja na usukani. Beringi hiyo ikiingiwa na vumbi au kutu, sehemu ya juu ya springi hukwama huku ya chini ikigeuka, na ndipo unaposikia ule mshindo. Mpira nao ukibanduka kwenye chuma, shokapu hupata nafasi ya kuchezacheza na kugonga. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha, mwombe mtu akate usukani huku umeweka kiganja juu ya springi, usikie kama inazunguka kwa ulaini au inarukaruka. Kisha boli joiti za chini (viungo vinavyoshika gurudumu kwa chini) na linki za stabilaiza (vijiti vya kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) zikaguliwe, kwa sababu nazo hugonga vivyo hivyo kwenye matuta na bei yake ni ndogo sana.

Sasa tuje kwenye kemba, yaani mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele; ikiwa hasi, sehemu ya juu ya gurudumu imelala ndani. Shokapu yako ya mbele imeshikwa kwenye kichwa cha gurudumu kwa bolti mbili, na ile ya juu imetengenezwa na kiwanda ikiwa na shingo isiyo katikati, hivyo ukiilegeza na kuizungusha, gurudumu linalala ndani au linasimama. Gari likiwa katika kimo chake cha asili, wengi hupata kati ya digrii moja na moja na nusu hasi kwa bolti hiyo pekee. Magari mengi yanayoletwa gerejini kwangu bolti hiyo haijawahi kuguswa tangu yatoke Japani, na wenyewe wanakuja wakiulizia bei za alumini.

Mauntingi ya kurekebishika huondoa mpira na kuweka beringi ya duara (yenye kiini cha tufe) ndani ya bamba lenye mifereji, ili kichwa cha shokapu kisogezwe kuelekea injini. Kwa kuwa umbali kutoka kichwa hicho hadi boli joiti ya chini ni takriban milimita 600, kila milimita 10 unazosogeza hukupa karibu digrii moja. Hiyo ni nafasi kubwa, sikatai, na usukani huwa mwepesi kuitikia kwa sababu hakuna tena mpira wa kujinyonganyonga kwenye kona. Lakini mpira ule ndio uliokuwa ukimeza mitetemo ya barabara mbovu. Ukiutoa, kila kokoto utalisikia ndani ya gari, na beringi yenyewe haina ulinzi wa maana dhidi ya vumbi la huko kwenu.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mabamba mengi ya aina hiyo yametengenezwa kwa ajili ya springi nyembamba za shokapu za kurekebishika kimo, zenye kipenyo cha ndani cha milimita 60 au 65. Springi yako ya kiwandani ni pana, inahitaji kikalio chake cha juu, na hata ikikaa, ukiisogeza ndani itagusa ukuta wa mnara (sehemu ya bodi inayozunguka shokapu) kabla hujafika mwisho wa mfereji. Muulize fundi wako kikalio kipi atatumia. Akisita kujibu, usimwachie gari.

Ushauri wangu ni ununue mauntingi za kiwandani pamoja na beringi zake kwa pande zote mbili za mbele, kemba ivutwe kwa ile bolti hadi mwisho unaolingana kushoto na kulia, kisha alaimenti (pembe zote za magurudumu) ipimwe. Ukitaka ugumu zaidi bila kelele za chuma, STI wenyewe, yaani kitengo cha michezo cha Subaru, wana mauntingi za Group N (daraja la mashindano la magari yanayokaribia ya kawaida) zenye mpira mgumu. Hazirekebishiki, lakini hukaa mahali pale pale pa zile za asili.

Lami_Kwanza (Nairobi) alijibu:

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila nadhani amezionea kidogo zile za kurekebishika. Mimi natumia za aina hiyo kwenye Impreza ya umri kama wa gari lako, nikiwa na shokapu za kurekebishika kimo, na kwenye lami tofauti ni kubwa. Gari la MacPherson likilala kwenye kona, gurudumu la nje hupoteza kemba yake hasi, na ukiwa umelishusha hali huwa mbaya zaidi kwa sababu mkono wa chini umeshapoteza mteremko wake. Bolti ya kiwandani haifiki mahali tairi laini za mashindano zinapotaka, ambako kwa uzoefu wangu ni karibu na digrii mbili na nusu au tatu hasi.

Tofauti ya bei miongoni mwa mabamba haya ina sababu. Mazuri hutenganisha mizigo: springi hukalia beringi bapa ya sindano, na beringi ya duara hushika fito ya shokapu peke yake. Ya bei rahisi hutwika vyote viwili kwenye beringi moja ya duara, nayo huanza kugonga mapema, hasa kwenye mashimo. Tena, beringi yenye bitana ya tefloni usiipake grisi, kwa kuwa grisi hunasa mchanga na mchanga hukwangua bitana. Ifute tu na uifunike.

Usidanganyike vilevile na habari ya kusogeza kemba uwanjani asubuhi na kuirudisha jioni. Kila unapoisogeza, uelekeo wa magurudumu kwenda ndani au nje nao hubadilika, na kosa la uelekeo hula tairi haraka kuliko kemba. Mimi nimeacha kabisa. Ninaweka pembe moja ya kati na kuvumilia.

Kwa gari ambalo bado lina springi za asili, hata hivyo, nisingezifunga.

Ngarenaro_STI aliandika:

Nawashukuru sana wakuu. Nimelipeleka gari kupimwa: kemba ya mbele ni karibu sifuri kushoto na robo digrii hasi kulia, na alama za ile bolti zinaonyesha haijazungushwa. Linki za stabilaiza ni nzima, ila springi ya kushoto inarukaruka kiganjani kama Fundi alivyoeleza. Nimeagiza za kiwandani. Limebaki swali moja: je, nibadilishe na za nyuma kwa wakati huo huo?

Fundi_Temeke alijibu:

Za nyuma hazigeuki, kwa hiyo hazina beringi ya kuchakaa, na mara nyingi hudumu zaidi. Gari likiwa juu ya jeki, shika gurudumu ulisukume juu na chini, mwenzako akitazama mpira wa mauntingi. Ukiona ufa au kuchezacheza, badilisha, vinginevyo ziache. Fahamu tu kwamba nyuma hakuna bolti ya kemba ya kiwandani, kwa hiyo utakachokikuta kwenye kipimo ndicho utakachobaki nacho.

Kuhusu kazi yenyewe, msimamie fundi katika jambo moja: nati ya katikati juu ya shokapu isilegezwe kabla springi haijabanwa kwa kibanio madhubuti. Zile nati tatu za pembeni ndizo zinazofunguliwa ili shokapu itoke nzima na springi yake, na nati ya katikati hufunguliwa mezani. Wakati wa kurudisha, kikalio cha springi kielekezwe kama kilivyokuwa, la sivyo beringi mpya itaanza kulia kabla hujafika Namanga. Bolti ya kemba ikazwe kwa kipimo cha kiwanda, na itiwe alama ya rangi ili ukiona imesogea baada ya shimo kubwa ulijue mapema.