Ireland na Australia, mmeuua mchezo ulipoanza kupona!

Wakuu salaam. Mods, nawaomba uzi huu msiutupe jukwaa la vichekesho. Najua kuna watu watafungua, wataona hakuna Simba wala Yanga, wataanza kejeli. Kejelini tu, leo nina povu la miaka.

Niko Perth huku. Novemba 18, 2017 nilikuwa jukwaani uwanja wa Subiaco, nikiangalia Australia na Ireland kwenye ule mchezo wao wa mseto, international rules, yaani mpira wa Kiaustralia na mpira wa Kigaeli vimefungishwa ndoa. Australia wakashinda 53 kwa 50. Pointi tatu, wakuu! Shuti moja tu juu ya mwamba na ngoma inakuwa sare. Nilitoka pale sauti imekauka, nikamwambia jamaa yangu wa Kigoma niliyekwenda naye, "Safari ijayo tunakaa siti za mbele." Safari ijayo ipi? Uwanja wenyewe walishaubomoa 2019, na mimi bado nangoja.

Kwa wasioujua: mpira ni wa duara, wa Waairishi, siyo lile yai la Waaustralia. Uwanja ni mstatili. Goli lina nyavu na kipa, ila nguzo zimepanda juu kama za raga, na kila upande kuna nguzo nyingine ya ziada. Ukitia nyavuni pointi 6, ukipitisha juu ya mwamba 3, ukichepusha pembeni 1. Kukaba ndiyo kwa Kiaustralia: unamkumbatia mtu unamlaza. Kwa hiyo mmoja anakuja na mpira aliouzoea tangu utoto, mwenzake anakuja na kifua. Utamu uko hapo, na balaa nalo lilianzia hapo hapo.

Sasa kila ukilalamika unaambiwa mchezo uliuawa na ngumi. Sikubali! Ngumi zilikuwepo, sibishi. 2005 Melbourne mchezaji wa Australia alilimwa nyekundu kwa kuwapiga watu mkono wa shingo. 2006 uwanja wa Croke Park, Dublin, mbele ya watu zaidi ya 82,000, mchezaji wa Ireland Graham Geraghty alilazwa chini mpaka akazirai, akakimbizwa hospitali, na kocha wa Ireland, Seán Boylan, nusura agome kurudisha timu uwanjani. Mechi za 2007 zikafutwa, na zilistahili kufutwa. Lakini 2008 watu walirudi na adabu zao. Ireland walikuja huku Australia wakashinda zote mbili, 45–44 na 57–53. Pointi moja, kisha pointi nne. Huo ndio mchezo mnaoniambia ulikuwa maiti?

Kilichokuja kuuponza ni dharau. 2011 Australia walikusanya kikosi cha bora liende, wakachapwa 80–36 mechi ya kwanza, na ya pili nayo wakalala, nyumbani kwao. 2013 wakapeleka Ireland kikosi cha wachezaji wenye asili ya wenyeji wa Australia peke yao. Wale vijana sina neno nao, na heshima ile walistahili. Lakini unateka maji kwa kikombe unakwenda kushindana na aliyeteka kwa pipa? Jumla ya mechi mbili, 173 kwa 72. Waliowatuma wamekaa ofisini, aibu wakabeba vijana.

Ndipo wakashtuka. 2014 wakaweka kigezo: ukitaka kuitwa Australia lazima uwe umewahi kuingia kikosi bora cha mwaka cha ligi yao. Mchezo ukawa mchezo. 2014 hapa Perth Australia wakashinda 56–46. 2015 Croke Park Ireland wakalipa, 56–52. 2017 Adelaide Australia 63–53, kisha ile ya Subiaco. Hakuna ngumi za maana, hakuna kipigo cha mbwa koko, mpaka dakika za mwisho hujui nani anashinda. Na hapo hapo ndipo wakaufungia kabatini. Mgonjwa katoka wodini anatembea mwenyewe, ninyi mnamchimbia kaburi!

2020 ilikuwa zamu ya Ireland kuwa mwenyeji, korona ikafuta. Haya, korona ilifuta hadi harusi. Lakini Olimpiki ilirudi, Euro ilirudi, ndondo za mtaani kwetu Temeke zilirudi.

Kisingizio ni kwamba ratiba imejaa. Mbona klabu za Australia nafasi ya kwenda Ireland kuvuna vijana wanaipata? Geelong walibeba ubingwa wa 2022 wakiwa na Waairishi wawili, Zach Tuohy na Mark O'Connor. Kuwachukua ratiba inaruhusu, kucheza nao ndiyo imejaa.

Na kinachoniuma zaidi ni jezi. Yule Mwairishi ni mchezaji wa ridhaa, mchana anafundisha darasani au anafunga nyaya za umeme, jioni mazoezini, mshahara wa mpira hana. Anachezea kaunti yake maisha yake yote. Jezi ya taifa ataivaa wapi kama si hapa? Muaustralia analipwa vizuri, lakini naye nani mwingine wa kucheza naye? Kombe lenyewe lina jina la Cormac McAnallen, nahodha wa kaunti ya Tyrone aliyefariki 2004 akiwa na miaka 24. Tuzo ya mchezaji bora wa Australia ina jina la Jim Stynes, mtoto wa Dublin aliyekuja Melbourne akatwaa medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa ligi ya Australia, 1991. Marehemu wawili mmewapa heshima ya kukaa kwenye vumbi.

Halafu kuna Aliir Aliir, mchezaji wa ligi ya Australia. Kazaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, kapitia klabu ya East Fremantle hapa hapa kwetu, 2021 akaingia kikosi bora cha mwaka. Kigezo kakifikisha, mechi ya kuitwa haikuwepo. Mimi ningeuza hata baiskeli kwenda kumwona akimkaba Mwairishi Croke Park.

Skafu yangu ya 2017 mke wangu siku hizi anafunikia chapati. Nilitaka kugomba, nikakosa pa kuanzia.

Nawasilisha.