Tupeane uzoefu: ufufuo wa wafu uliuamini lini kwa kweli, sio ule wa Pasaka tu?

MamaSita_Jinja (mwanzisha uzi)

Habarini humu. Nianze mimi. Mwezi wa nane tulimzika baba mkwe kule Kamuli, mazishi yetu mnayajua, mahema mawili, masufuria ya matooke, spika inalia, na kaburi lenyewe limejengwa matofali kwa ndani, sanduku likishashuka mafundi wanalaza slabu wanapiga simenti palepale watu wanaangalia. Sasa kijana wangu wa mwisho, ana miaka saba, kashika gauni langu, akauliza kwa sauti mama, jajja (babu) atatokaje na simenti yote hii? Maana kwenye shule ya Jumapili wamemfundisha wafu watafufuka. Watu wakacheka, shemeji akamwambia nyamaza wewe, na mimi niliyebatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, kila Jumapili natamka naamini ufufuo wa mwili, sikuwa na jibu. Nikamwambia Mungu ana nguvu. Akasema haya, lakini niliona hajashiba. Na mimi mwenyewe sijashiba mpaka leo, nikagundua hayo maneno nayataja kama ninavyotaja namba yangu ya simu, mdomo unajua, kichwa kiko sokoni.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Sio mahubiri jamani, mahubiri tunayo. Nataka yaliyokukuta wewe.

Afande_Mstaafu

Mama Sita huyo kijana ana akili, msimnyamazishe.

Mimi 1977 nilikuwa na miaka 16, nakaa kwa shangazi pale Mengo. Tarehe 16 Februari watu wa Idi Amin, aliyetawala Uganda siku zile, wakamchukua Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, kesho yake redio inasema ajali ya gari. Hakuna aliyeamini, hata aliyesoma habari nadhani hakuamini. Kule Namirembe, mlima wenye kanisa kuu la Anglikana, wakachimba kaburi karibu na la Askofu Hannington, yule aliyeuawa Busoga 1885, tukawa tunangoja mwili. Mwili haukuja. Kumbe wanajeshi walimpeleka kwao Mucwini, Kitgum, akazikwa huko kimyakimya. Ibada ya kumkumbuka ilikatazwa lakini ikafika Jumapili, sasa Jumapili utamkataza nani kwenda kanisani, watu wakajaa mlima mzima. Baada ya ibada wakasogea kwenye lile shimo. Tupu. Na kumbuka siku zile hujui aliyesimama pembeni yako katumwa na nani, watu walikuwa wanaongea kwa kunong'ona hata nyumbani kwao. Basi mzee mmoja karibu yangu akasema yale maneno malaika aliwaambia wale wanawake, hayupo hapa, amefufuka. Watu wakaanza kuimba, na sio kwa sauti ya chini.

Mi nilikuwa nimeenda kwa vile shangazi kanivuta tu. Pasaka nimekula nyingi, kuku na soda, lakini habari ya kaburi wazi iliniingia siku ile, Februari, kwa shimo ambalo serikali yenyewe ndio iliyoliacha tupu. Baadaye niliingia jeshini nimeona vifo ambavyo sitavisimulia hapa. Siku hizi 16 Februari ni sikukuu ya taifa, wenzangu wanalala, mi napanda boda naenda Namirembe nakaa kidogo narudi.

Wa_Mlimani

Afande umenigusa pabaya. Sisi hatuna hata shimo.

Kwetu ni Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Tarehe 1 Machi 2010 jioni mvua imenyesha siku nzima mlima ukashuka pale Nametsi ukafunika senta na watu wake, dada yangu alikuwa ameenda dukani. Tulichimba kwa majembe na kwa mikono, baadaye wakaja askari, waliopatikana ni wachache, mamia hawakupatikana, na dada ni mmoja wao. Kwetu mtu anazikwa kwenye migomba ya kwao, unajua marehemu yuko pale karibu na jiko, unapita asubuhi unamuona. Mama akagoma. Hakutaka maombi, hakutaka mtu aseme marehemu, alikuwa anasema nitazika nini, nizike jina? Ikaenda hivyo zaidi ya mwaka.

Akaja katekista mmoja mzee, hakuhubiri, alikunywa chai akaomba asome mstari mmoja, Ufunuo 20, pale inaposema bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Mama akasema rudia. Akarudia. Mama akanyamaza muda mrefu, alafu akasema kama bahari itawatoa, mlima nao utamtoa wangu. Akaenda kukoroga uji. Wiki ile ndo tulifanya maombi.

Mi nimesoma mpaka chuo nina maswali kuliko mama. Lakini nilichokishika ni kwamba ule mstari hausemi watafufuka waliozikwa vizuri tu wenye slabu na picha.

Mwalimu_Arua

Niwe mkweli, mimi sijafika huko mlikofika. Sijaacha kanisa, naimba kwaya sauti ya nne, lakini pale kwenye ufufuo nanyamaza kidogo. Ninachompendea Paulo ni kwamba hakujiachia mlango wa nyuma, kwenye 1 Wakorintho 15 kasema wazi kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Hakusema basi tuchukue yale mafundisho mazuri yatatusaidia. Na anataja waliomuona, Kefa yani Petro, wale kumi na wawili, ndugu zaidi ya mia tano, anasema wengi wao bado wako hai, yani kama anakwambia nenda ukawaulize. Alafu kule Athene alipofika kwenye habari ya wafu kufufuka wakamcheka, sawasawa na waliomcheka mtoto wa Mama Sita. Mi kwa sasa niko na Tomaso, kabla ya ile siku ya nane alipomuona Yesu akaamini. Msinitoe humu.

MamaSita_Jinja

Hakuna wa kukutoa mwalimu. Asante kwa kusema.

Nubi_Bombo

Mimi ni Muislamu naomba nichangie kwa heshima. Hilo swali la mtoto kwetu limo kwenye Kurani, sura Yasin, mtu anauliza nani ataihuisha mifupa nayo imeshaoza, jibu ni ataihuisha yule aliyeiumba mara ya kwanza. Najua tunatofautiana, nyinyi mnasema Isa alisulubiwa akafa akafufuka, sisi hatusemi hivyo, lakini siku ya kiyama tutasimama wote kwenye mstari mmoja. Ila kwa simenti mnajipa kazi bana, sisi udongo tu 😄

Mtoto_wa_Goma

Mimi niko Nakivale, kambi ya wakimbizi, tangu 2013, nasali na kanisa dogo la hapa kambini, lakini lile la zamani nilitoka na nataka niseme kwa nini maana hii mada imeharibiwa na watu.

Mdogo wangu alikufa kwa malaria ana miaka kumi na moja. Mtumishi wa kanisa letu akasema asizikwe, Mungu kamuonyesha atamuamsha kama Lazaro. Siku ya kwanza tukafunga, siku ya pili tukafunga, joto la turubai mnalijua, harufu imeanza majirani wanalalamika, na kila tukichoka anatuambia imani yenu ndogo ndio inamzuia huyu mtoto. Mnasikia hiyo? Mama yangu alibeba hiyo kauli. Siku ya tatu wazee wa bloku wakaja wakasema imetosha, tukazika usiku. Mtumishi hakuja kuzika, na hakuna siku aliyoomba msamaha.

Miaka miwili sikugusa Biblia. Kilichonirudisha ni mwanamke mmoja mnyamulenge (Mtutsi wa Kongo) jirani yetu, hajasoma sana, tulikuwa tunachambua maharage akaniuliza, kwani Lazaro yuko wapi sasa hivi? Nikasema alikufa. Akasema eeh, aliamshwa akafa tena, akazikwa mara ya pili na dada zake wakalia mara ya pili. Yesu hafi tena, ndio Warumi 6 inavyosema. Huyo mtumishi aliwaahidi ya Lazaro, akachukua ya Yesu akaifanya maonyesho. Nilikaa na hayo maneno siku nyingi sana. Sikuwa nimewahi kufikiria wale dada wawili wakilia mara ya pili.

Na wenzangu wa huku mnakumbuka Kanungu, Machi 2000, watu mamia waliteketea kanisani wanangoja mbinguni. Kwa hiyo mtu akikuahidi tarehe, kimbia.

Nesi_Masaka

Pole sana mtoto wa Goma, pole kwa mama pia.

Mimi yangu fupi. 2021 wakati wa korona tulizika baba kwa dakika kama ishirini, watu wa mavazi meupe, hatukufungua sanduku, hatukumgusa, mimi nesi mwenyewe niliyegusa maiti za watu wengi hivyo wa kwangu sikumgusa. Nikawa naota anagonga mlango. Kilichonisaidia ni kwamba Yesu baada ya kufufuka aliwaonyesha mikono, akala samaki. Yani alikuwa na mwili wa kugusika. Nangoja kumshika baba mkono, ni hilo tu, mengine ya mbinguni sijui na wala sina haraka nayo.

Fundi_Kaburi

Nimesoma kimyakimya tangu juzi. Mi ndo mmoja wa hao wanaopiga simenti, nafanya hii kazi huku Mukono miaka kumi na nne. Mama Sita mwambie kijana simenti sio ya kumfungia jajja. Ni ya sisi huku juu. Kaburi la udongo baada ya miaka kumi halionekani, ndugu wanagawana shamba, mmoja anauza, mnunuzi analima mihogo juu ya mtu. Nimeitwa mara nyingi kutafuta kaburi kwa kamba na kukisia. Simenti inasema hapa kuna mtu, usiuze.

Wazee wengine wananiambia mlaze miguu iangalie mashariki, siku ile akisimama awe anaangalia jua linakotoka. Nafanya, sichaji zaidi.

Alafu kingine, hiyo simenti haidumu mnavyofikiri. Mchanganyiko ukiwa dhaifu misimu michache ya mvua inapasuka, na pakiwa na mutuba karibu ndo kabisa, mzizi wake unaingia chini unanyanyua slabu taratibu. Mwaka jana nimerudia kaburi nililojenga mwenyewe 2012, slabu ya inchi nne, limepinda kama mkate. Mzizi wenyewe ulikuwa mwembamba kama kidole changu. Nilikaa pale nikauangalia mpaka kibarua akaniuliza fundi unaumwa?

MamaSita_Jinja

Fundi nimemsomea hii ya kwako yote. Kasema haya, na safari hii ilikuwa haya ya kweli. Alafu akauliza mutuba ndo mti gani, kumbe hapa kwetu haupo karibu. Jumamosi tunaenda kuutafuta.