State Farm: kuchukua ada hawachelewi, kulipa mpaka mburuzane mahakamani

Wakuu, nimechoka na hawa wanaosema kila anayelalamikia bima ya gari hakusoma mkataba. Nijibuni hili.

Utah, Marekani, 1981. Mteja wa State Farm, kampuni ya bima ya huko, anaitwa Campbell, anajaribu kuyapita magari sita kwa mkupuo kwenye barabara ya njia mbili. Dereva anayekuja mbele anamkwepa, anakufa. Mwingine anabaki na ulemavu wa kudumu. Wachunguzi wa kampuni yenyewe wanaona kosa ni la mteja wao. Upande wa pili uko tayari kumaliza kwa dola 50,000, kiasi kile kile ambacho ndicho kikomo cha malipo ya bima ya Campbell. Kampuni inakataa! Inamhakikishia mteja na mkewe kwamba mali zao ziko salama, hata wakili wao wenyewe hawamhitaji.

Hukumu inatoka: Campbell alipe dola 185,849. Kampuni inagoma kulipa ile ziada ya kikomo, na wakili waliyewapa wateja wake ndiye anayewaambia waanze kuweka mabango ya kuuza mali zao. Sasa ada walikuwa wanalipia nini?

Ni kweli, mwishowe kampuni ililipa deni lote. Baada ya miaka! Campbell na mkewe wakaishtaki, wakapewa dola milioni 145 za kuiadhibu. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hizo zimezidi mno, na Utah ikazishusha mpaka milioni 9 na ushee. Milioni 9 kwa kampuni ile ni nauli.

Halafu kuna la vipuri. Illinois, 1999, hukumu ya zaidi ya dola bilioni moja, kwa sababu magari ya wateja yalikuwa yanafungwa vipuri visivyo vya watengenezaji wa magari yenyewe. Mwaka 2005 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta yote. Kati ya waliopiga kura kuifuta yumo jaji aliyechaguliwa 2004, na wateja wakafungua kesi nyingine wakidai kampuni ilisaidia kwa siri kugharamia kampeni yake. Yaani huko majaji wanapigiwa kura, acha tu. Mwaka 2018, kesi ikiwa ndiyo inaanza kusikilizwa, kampuni ikakubali kutoa dola milioni 250. Bila kukiri kosa lolote, bila shaka!

Anayetaka kuwatetea aje. Ila aanze na yale mabango ya Utah.