Gramafoni ya babu, Garrard ya mtumba au kisanduku kipya?

MwanaLangoni (Lamu)
Salaam jamani. Bibi amenikabidhi kasha la santuri lililokuwa darini tangu babu afariki. Ziko 41: 19 ni zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zilizobaki ni ndogo za 45, nyingi taarabu zenye lebo ya Mzuri ya Mombasa. Na gramafoni yake ya kutia ufunguo ipo, ila inazunguka kidogo kisha inalegea. Mombasa nimeona mashine ya santuri ya umeme, Garrard SP25 ya mtumba, kwa 9,000. Kuna duka pia linauza kisanduku kipya cha kuchezea santuri, chenye spika ndani, kwa 8,500. Nichukue ipi?

Kipepeo_K
Kipya. Unachomeka umeme, unasikiliza, yamekwisha.

Fundi_Kisauni
Yamekwisha kweli, na santuri nazo! Vingi vya visanduku hivyo vinakandamiza santuri kwa gramu 5 na zaidi.

MwanaLangoni, anza na santuri, si mashine. Mfuo wa 78, ile njia inamopita sindano, ni mpana: sindano yake ina ncha ya maikroni 75 hivi, ya 45 haizidi 25. Ukiweka nyembamba kwenye 78, inazama hadi chini kwenye uchafu na utasikia mikwaruzo tupu. Gramafoni ya babu ndiyo iliyotengenezewa hizo 19. Lakini kichwa chake kinalalia santuri kwa zaidi ya gramu 100, na sindano ni ya chuma, tena inabadilishwa kila upande. Ukiiwekea taarabu yako ya 45 mara moja tu, buriani.

Garrard inacheza zote, 33, 45 na 78, mradi ununue sindano ya pili. Ugonjwa wake ni gurudumu la mpira linalosukuma sahani. Likikaa miaka limebanwa kwenye mota, linapata bonde, na spika inalia *du-du-du* kama ngoma ya mbali. Girisi ya zamani nayo inakuwa gundi, mkono unakwama njiani. Hilo la girisi ni kazi ya jioni moja.

BiAsumini (Malindi)
Mwanangu, kabla hujatoa pesa muulize muuzaji kibao cha nyuma kimeandikwa nini. Mimi nililetewa mashine kutoka Marekani. Transfoma ya kushusha umeme nikanunua, nikajiona mjanja. Kumbe mota yake ilikuwa ya 60 Hz, yaani umeme wa mawimbi 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni wa 50. Santuri ya 45 ikawa inazunguka 37 na nusu. Zein l'Abdin, mwimbaji wetu wa taarabu, na sauti ile, akawa kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa nguvu.

Na usifute zile za 78 kwa spiriti. Mimi nilifuta moja, uso ukafifia hapo hapo nikiutazama. Maji na tone la sabuni, lebo isilowe.

Fundi_Kisauni
Bi Asumini kasema. Hizo zimetengenezwa kwa utomvu uitwao shelaki, na spiriti inauyeyusha. Zitazame vizuri lebo zake: Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za enzi hizo hazirudi zikivunjika.

MwanaLangoni
Shukrani mama, shukrani fundi. Muuzaji kanitumia picha: 50 Hz. Ila mpira unaonekana una bonde. Na ya babu je, niifungue?

Fundi_Kisauni
Bonde hilo ni punguzo la 2,000, usione haya. Ya babu bado hai, ni girisi imeganda ndani ya ngoma ya springi, kile kikopo inamojikunja. Usiifungue wewe. Springi ile ikiruka inakata mkono. Mpelekee fundi wa saa.

Kipepeo_K
Basi mimi na kisanduku changu nimenyamaza 😅

BiAsumini
Ukiipata, iweke kidakani, si mezani. Ukuta wa mawe hautikisiki watoto wakipita mbio.

MwanaLangoni
Kakubali 7,200. Inakuja kwa basi hadi Mokowe, gati la bara ng'ambo ya Lamu. Nimemwambia atoe sahani aifunge peke yake, na mkono aufunge kwa uzi. Kuna kingine, maana kwenye mashua hapo mizigo inarushwa?

Fundi_Kisauni
Skrubu za safari, zile za kukaza mashine kwenye kisanduku chake, azikaze hadi mwisho. Na boksi ulipakate wewe mwenyewe.