Msaada: spika za AR-3a, sponji ya wufa imeoza na twita moja iko kimya

SikioPana:
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata spika mbili za Acoustic Research AR-3a, zile za njia tatu: wufa ya besi ya inchi 12, spika ya sauti za kati, na twita ya sauti za juu. Makasha ni mazima, mbao hazijavimba. Shida iko ndani. Ringi ya sponji inayozunguka koni ya wufa ukiigusa tu inabaki kidoleni, nyeusi na inanata. Halafu spika ya kulia twita haitoi hata mlio. Fundi mmoja kaniambia ning'oe vyote, niweke wufa na twita za kisasa, nibakize makasha. Roho inasita. Nimsikilize?

MzeeWaSolda:
Usimsikilize, mkuu. Hizo zilitoka 1967 na kasha lake limezibwa kabisa, hewa haitoki wala haiingii. Wufa yake inaning'inia kwa ulegevu makusudi, na hewa iliyofungiwa humo ndiyo springi inayoirudisha. Ukiweka wufa iliyopigiwa hesabu ya kasha lenye tundu, hesabu yote inavurugika na besi haitakuwa ile.

Hiyo twita nayo usiizike bado. Nyuma ya kasha kuna vidhibiti viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti za kati na kimoja cha twita. Vinaota kutu ndani na kukata njia ya umeme, ni ugonjwa maarufu wa spika hizi. Weka muziki kwa sauti ya chini, zungusha cha twita taratibu mwanzo hadi mwisho, urudie. Ukisikia mikwaruzo, au sauti ikija na kupotea, mgonjwa ni kidhibiti.

BesiNzito:
Mnamchosha bure. Mpya zipo, anafunga leo anasikiliza leo. Vitu vya miaka hiyo ni vya makumbusho.

MzeeWaSolda:
@BesiNzito basi akanunue spika mpya nzima, na hizi awaachie wenye nazo haja.

Koni_na_Gundi:
Nije kwenye sponji. Sponji hiyo inaoza yenyewe kwa umri, hata spika ikae haipigwi, kwa hiyo wufa zote mbili zitengenezwe pamoja hata kama moja inaonekana ina nafuu. Tafuta ringi iliyokatwa kwa ajili ya wufa hiyo hasa. Inchi 12 za kampuni tofauti hazilingani, na ringi ngumu kupita kiasi inaharibu ule ulegevu aliousema Mzee.

Kazi kubwa ni kusafisha. Gundi ya zamani ilainishe kwa spiriti (isopropili) kwa pamba, kidogo kidogo, uikwangue kwa kucha au kijiti cha mbao. Usiloweshe koni, ni karatasi hiyo. Kwenye fremu ya chuma unaweza kutumia nguvu zaidi. Hapa ndipo wengi wanakosa subira, halafu gundi mpya inashika juu ya uchafu.

Bandika ringi kwenye koni kwanza, iache ikauke kabisa. Ndipo uje kwenye fremu. Kabla gundi ya fremu haijashika, sukuma koni ndani kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zinazotazamana, usikilize. Ikikwaruza, koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku, sogeza ringi kidogo. Njia nyingine ni kuipigia mlio wa hezi 30 kwa sauti ndogo sana wakati gundi inashika, inajikalisha katikati yenyewe. Binafsi naamini masikio na vidole kuliko kukata ile kofia ya katikati ya koni ili kuchomeka vipande vya karatasi vya kuiweka koili katikati.

SikioPana:
Wakuu, twita imelia! Nimezungusha kidhibiti, ikakwaruza weee, kisha ikaja. Ukikiacha inapotea tena. Sasa kapasita nazo, zile zinazogawa sauti kwa kila spika, nibadilishe au niziache?

MzeeWaSolda:
Si unaona? Ungekuwa umeshaitupa. Kifungue hicho kidhibiti, sugua njia yake kwa msasa laini hadi chuma king'ae, kisha dawa ya kusafishia swichi. Kama waya wake umelika, weka kipya.

Kapasita zipo tatu kila upande: maikrofaradi 6 ya twita, 50 ya sauti za kati, 150 ya wufa. Toa mguu mmoja kwenye solda ndipo upime, usipime ikiwa imeungwa. Iliyohama mbali na thamani yake ibadilishe, na mwenzake wa spika ya pili pia, ili pande zote zilie sawa. Usiweke zile za kawaida zenye alama ya hasi, hapa umeme unaenda na kurudi. Weka za filamu, au elektrolitiki isiyo na chanya wala hasi.

Koni_na_Gundi:
Nyongeza: sufi iliyomo ndani usiipunguze, irudishe yote. Vaa glavu na barakoa, inawasha. Wufa ikirudi, ziba ukingo wake kwa lakiri laini mpya, kisha sukuma koni polepole na uiachie. Ikirudi kwa uvivu, kasha limeziba. Ikiruka haraka, tafuta panapovuja.

SikioPana:
Nimewaelewa. Amplifaya yangu imeandikwa omu 8 (ukinzani wa spika) nyuma. Itazimudu?

MzeeWaSolda:
Hizo ni omu 4, zinavuta umeme mwingi. Soma kitabu chake kwanza. Kama hakikuruhusu 4, usiziunge.